Mtoto Asiyekua na Vijidudu vya Tumboni Mwake



Miongoni mwa maradhi ambayo wazee wetu hawakuyajua kwa jina, na ambayo sasa yanabisha hodi katika nyumba zetu huku ugenini, ni ugonjwa wa Crohn, ambao hutamkwa Kroni. Tumeulizwa habari zake na wazazi zaidi ya mmoja, na swali lililorudiwa ni hili: inakuwaje watoto wawili wenye ugonjwa mmoja wapewe tiba moja, huyu akapata nafuu na kunenepa, na yule akabaki vilevile? Sehemu ya jawabu, kama wanavyoona wataalamu wa leo, imo katika vijidudu vinavyoishi tumboni. Sisi ni watu wa chaki, si watu wa dawa. Tumesoma tulichoweza kukisoma, na tunamwandikia mzazi anayekaa mbele ya daktari bila kujua la kuuliza.

Ugonjwa huu ulipata jina lake baada ya mwaka 1932, pale madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York, yaani Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, walipochapisha maelezo ya wagonjwa 14. Jina la Crohn lilitangulia kwa sababu tu majina yalipangwa kwa alfabeti, na bahati hiyo ya herufi ikamtosha kuingia katika historia. Kabla yao, mwaka 1913, daktari mpasuaji wa Glasgow aitwaye Thomas Kennedy Dalziel alikwisha kueleza ugonjwa wa namna hiyohiyo, lakini dunia haikumsikiliza sana.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na adui, huugeukia ukuta wa utumbo na kuushambulia. Utumbo huvimba, hutoka vidonda, na vidonda vikipona huacha makovu yanayoweza kuubana hata chakula kisipite. Pengine hutoboka na kufanya tundu au jipu, hasa karibu na njia ya haja kubwa. Ugonjwa waweza kushika popote kuanzia kinywani mpaka mwisho wa njia ya chakula, ila hupendelea pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Hauambukizi. Hadi leo hakuna dawa ya kuung'oa kabisa, lakini unaweza kutulizwa kwa miaka mingi, na mtoto akasoma, akacheza na kukua kama wenzake.

Kukua ndiko penye shida. Takriban robo ya wenye maradhi ya jamii hii huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 20, na kwa mtoto dalili ya kwanza si lazima iwe kuharisha damu. Huenda ikawa maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, homa isiyo na sababu, vidonda vya kinywani, uchovu, kukosa hamu ya kula, au kutoongezeka kimo tu. Sisi tuliokaa madarasani miaka mingi twamjua mtoto wa namna hii: wenzake wamerefuka, yeye nguo za mwaka juzi bado zamtosha, na dalili za kubaleghe hazionekani. Watu husema amefuata upande wa babu yake, wafupi. Lakini mifupa haingoji milele. Baada ya kubaleghe, nafasi ya kurefuka hufungwa, na kimo kilichopotea hakirudishwi na dawa yoyote. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kungoja waweza kumgharimu mtoto kile ambacho mtu mzima mwenye ugonjwa huohuo hawezi kukipoteza.

Na mwaka huo hupotea kwa urahisi katika nyumba zetu. Habari za choo hazizungumzwi. Msichana wa miaka 13 hatamwambia baba yake kwamba anakwenda chooni mara sita kwa siku, wala hatamwambia mtu yeyote kwamba ana jipu mahali pa siri. Mama akijua, kwanza atampa dawa ya minyoo, kisha shubiri, kisha asali na habasoda. Likizo ikifika nyumbani Afrika Mashariki, hununuliwa antibiotiki dukani bila cheti cha daktari. Hatuyadharau ya kienyeji, na dua haina mpinzani. Tunachosema ni kwamba hayo yote hayazuii kumpeleka mtoto apimwe.

Baadhi yetu hudhani haya ni maradhi ya Wazungu. Wataalamu wa jimbo la Ontario, Kanada, walilichunguza jambo hili katika kumbukumbu za afya za wakazi wote wa jimbo, wakatoa matokeo mwaka 2015. Waliona kwamba wahamiaji wenyewe hupata maradhi haya ya utumbo kwa uchache kuliko wenyeji, lakini kadiri mtu alivyofika akiwa mdogo ndivyo hatari ilivyozidi. Ama watoto waliozaliwa hukohuko Kanada na wazazi waliotoka Afrika kusini mwa Sahara, Mashariki ya Kati au Asia ya Kusini, hatari yao ilikuwa sawa na ya watoto wa wenyeji. Damu haikubadilika katika kizazi kimoja. Kilichobadilika ni mazingira, chakula, na pamoja na hivyo, wakazi wa tumboni.

Tuwataje basi wakazi hao. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilikadiria kwamba bakteria walio ndani ya mwili wa mtu mzima ni kiasi cha trilioni 38, wengi wao wakiwa katika utumbo mpana, idadi inayolingana au hata kuzidi kidogo ile ya seli za mwili wenyewe. Wengi ni majirani wema. Humeng'enya makapi ya nafaka na mboga ambayo tumbo letu haliyawezi, na kutokana na makapi hayo hutengeneza asidi laini iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula cha ukuta wa utumbo mpana. Vilevile huifundisha kinga ya mwili nani wa kupigwa na nani wa kuachwa. Mji huu hubadilika mtu anapohama. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018 na kuwahusisha zaidi ya wanawake 500, ulilinganisha Wahmong na Wakaren waliobaki Thailand na wenzao waliohamia Marekani, na ukaona kwamba bakteria wa asili, hasa wale wanaomeng'enya nyuzinyuzi za mimea, huanza kupotea katika miezi ya mwanzo ya uhamiaji, na hupotea zaidi katika kizazi cha pili. Hao si Waswahili, na utafiti ule haukuhusu ugonjwa wa Crohn. Hata hivyo, mtu aliyeacha mchicha, kunde na mihogo akahamia mkate mweupe na vyakula vya pakiti haoni shida kujitambua humo.

Sasa tuje kwa watoto wagonjwa. Utafiti mkubwa wa mwanzo ulitoka mwaka 2014, kutoka vituo 28 vya Amerika ya Kaskazini. Ulichukua vinofu vya utumbo na vinyesi vya watoto 447 waliokuwa ndiyo kwanza wamegunduliwa kuwa na ugonjwa, kabla hawajaonja dawa, pamoja na watu 221 wasio na ugonjwa huo. Jambo la kabla ya dawa lina maana kubwa, kwani mtu akisha kumeza dawa hujui tena kama mabadiliko yametokana na maradhi au na tiba. Ilionekana kwamba katika watoto wagonjwa makundi ya bakteria wanaopenda fujo yameongezeka, na makundi ya wale watengenezao butireti yamepungua. Watoto waliokuwa wametumia antibiotiki walikuwa na uharibifu uliozidi. Wala si kila mahali palipotoa habari sawasawa: bakteria walioshikamana na ukuta wa utumbo walisema mengi kuliko wale wa kinyesini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, kundi hilohilo la watafiti likifuatilia watoto 913 lilieleza kwamba aina fulani za bakteria ziliambatana na makovu ya kubana utumbo, na nyingine ziliambatana na kutoboka. Yaani watoto wawili walioandikiwa jina moja la ugonjwa huenda wana njia mbili mbele yao, na vijidudu vikawa miongoni mwa alama za njiani.

Tiba ya kwanza ambayo miongozo ya madaktari wa watoto wa Ulaya huipendekeza kwa wengi wa watoto hawa huwashangaza wazazi, kwa kuwa si kidonge. Ni maziwa maalumu yenye lishe kamili, ambayo mtoto hunywa peke yake, bila chakula kingine chochote, kwa wiki 6 hadi 8. Ugonjwa hutulia kwa watoto wanaofikia 8 kwa kila 10. Utumbo hupona vizuri zaidi kuliko kwa steroidi, na mtoto huongezeka uzito, ilhali steroidi hudumaza kimo kile tunachokililia.

Hapa pana jambo ambalo tunaomba bibi na mashangazi walisome mara mbili. Madaktari wa Philadelphia na wenzao wa Kanada waliwafuatilia watoto 90 katika makundi matatu, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kundi moja lilikunywa maziwa ya dawa peke yake, la pili lilikunywa maziwa hayo huku likila pia chakula cha kawaida, na la tatu lilipewa dawa za sindano za kutuliza kinga. Ukiwauliza watoto wanavyojisikia, wa makundi yote walisema wana nafuu, hata wale waliochanganya: 64 kwa kila 100 kati yao waliona nafuu, dhidi ya 88 wa maziwa peke yake na 84 wa sindano. Lakini choo kilipopimwa protini iitwayo kalprotektini, ambayo huonyesha uvimbe wa ndani, hesabu ilikuwa nyingine. Uvimbe ulikuwa umeshuka hadi kiwango kilichokusudiwa kwa 14 tu kati ya 100 waliochanganya, dhidi ya 45 wa maziwa peke yake na 62 wa sindano. Chapati ya huruma inayopitishwa kwa mtoto jikoni wakati mama hayupo ina uzito wake katika hesabu hiyo. Mtoto atasema tumbo haliumi, na ndani moto bado unawaka.

Watafiti hao walivitazama pia vijidudu. Mabadiliko yalionekana tangu wiki ya kwanza ya tiba, na pale uvimbe uliposhuka, mpangilio mbaya zaidi wa bakteria nao ulipungua. Hata hivyo haukugeuka ukawa kama wa mtoto mzima wa afya. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya ugonjwa kupenda kurudi.

Glasgow, mji uleule wa Dalziel, walikuta kitendawili. Kuna bakteria aitwaye kwa jina la kitaalamu Faecalibacterium, mtengenezaji mkubwa wa butireti. Wafaransa walieleza mwaka 2008 kwamba wagonjwa waliokatwa kipande cha utumbo, na ambao bakteria huyu alikuwa haba kwao, walielekea zaidi kurudiwa na ugonjwa. Kila mtu akatarajia kwamba mtoto akipona kwa maziwa, bakteria huyu mwema ataongezeka. Mwaka 2014 wataalamu wa Glasgow wakatangaza kinyume: watoto walipokuwa wakipata nafuu, Faecalibacterium alizidi kupungua, na butireti ikapungua pamoja naye. Tukifikiri kama watu wa kawaida, tunaona kwamba maziwa hayana nyuzinyuzi, kwa hiyo bakteria wazuri na wabaya wote walinyimwa riziki. Labda nafuu ilikuja kwa kuwanyima wabaya, au kwa njia nyingine kabisa; mjadala haujafungwa. Tunalipenda jambo hili kwa sababu linamzuia mtu kuigawa dunia ya tumboni kuwa ya malaika na mashetani, mgawanyo ambao wauzaji wa vidonge vya bakteria wema wanautegemea sana.

Vidonge hivyo, ambavyo siku hizi vimejaa kila duka la dawa, vilijaribiwa kwa watoto wenye ugonjwa wa Crohn. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya watoto 75 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Baadhi walipewa bakteria wa jamii ya laktobasili na wengine kidonge kisicho na kitu. Haikuonekana kwamba bakteria walizuia ugonjwa kurudi. Mtindi wa nyumbani ni chakula kizuri kwa anayeruhusiwa kuula, lakini usipewe kazi ya dawa.

Maziwa ya dawa yasipotosha, au ugonjwa ukiwa mkali, au pakiwa na matundu karibu na njia ya haja, madaktari huenda kwenye dawa za kuizuia protini ya uvimbe iitwayo TNF. Ya kwanza ni infliksimabu, inayopitishwa kwenye mshipa, ambayo Marekani iliiruhusu kwa watoto wenye ugonjwa huu mwaka 2006. Katika jaribio lake la watoto 112, waliopata nafuu kufikia wiki ya 10 walikuwa 88 kwa kila 100. Lakini baadaye dawa huweza kuchoka kwa baadhi yao, na wapo ambao haiwashiki tangu mwanzo. Je, vijidudu vingeweza kututajia mapema nani atashikwa? Watafiti wa Finland walieleza mwaka 2015 kwamba watoto waliofaidika na dawa za namna hii, mchanganyiko wa bakteria wao ulisogea kufanana na wa watoto wenye afya ndani ya wiki chache, ilhali wasiofaidika haukusogea. Na kwamba baadhi ya aina za bakteria kabla ya tiba ziliashiria matokeo. Ni habari ya kutia moyo, lakini watoto katika tafiti hizi ni wachache, na zinazoashiria mjini Helsinki si lazima ziwe zilezile za Boston. Kwa sasa daktari hakuandikii dawa kwa kusoma orodha ya bakteria wa mtoto wako. Vipimo vya posta vinavyoahidi hivyo kwa fedha nyingi, acheni.

Kuna mambo mawili kuhusu dawa hizi yanayotugusa sisi zaidi ya majirani zetu. La kwanza ni kifua kikuu. Tangu mwaka 2001 inajulikana kwamba infliksimabu huweza kuamsha kifua kikuu kilichojificha mwilini. Isitoshe, kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na ugonjwa wa Crohn. Basi mwambieni daktari kama mtoto aliishi Afrika Mashariki au alikaa nyumba moja na mgonjwa, hata kama ni zamani. Hakuna aibu katika hilo. La pili ni safari. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtoto aliye katika dawa hizi kwa kawaida hapewi. Msikate tiketi ya Mombasa au Dar es Salaam kabla ya kuzungumza na hospitali.

Wazazi wengi huuliza chakula gani kinafaa baada ya wiki za maziwa. Jibu lenye ushahidi mzuri lilitoka Israel na Kanada mwaka 2019. Kundi moja la watoto lilikunywa maziwa peke yake kwa wiki 6, kisha likarudia chakula huru pamoja na maziwa kidogo. Kundi la pili lilipewa tangu mwanzo chakula cha kuchagua pamoja na maziwa kiasi: kuku asiye na mafuta, mayai, viazi, wali, ndizi, tufaha, bila ngano, bila maziwa ya ng'ombe ya kawaida, bila vyakula vya viwandani. Kufikia wiki ya 12 ugonjwa ulikuwa umetulia bila steroidi kwa takriban 75 kati ya 100 wa kundi la chakula, na 45 kati ya 100 wa kundi la maziwa peke yake. Bakteria wa fujo walipungua kwa wote mwanzoni, lakini waliorudi kwenye chakula huru, bakteria hao waliwarudia. Wasomaji wataona kwamba orodha hiyo si ngeni jikoni kwetu. Ngumu ni kuacha maandazi, chapati na sambusa. Hata hivyo isianzwe nyumbani kwa kukisia. Mtoto mdogo wa kimo akinyimwa vyakula bila mtaalamu wa lishe atazidi kudumaa.

Ramadhani nayo ina masuala yake. Mtoto asiyebaleghe hana faradhi ya kufunga, na mgonjwa ana ruhusa yake iliyo wazi. Lakini tunajua watoto wetu wanavyoshindana. Kijana wa miaka 15 aliyecheleweshwa na maradhi huona haya kula mbele ya wadogo zake waliofunga. Waliobaleghe waulize shekhe na daktari kwa pamoja. Kwa aliye katika wiki za maziwa, jamaa wamsaidie kwa kutomwita kwenye meza ya futari akatazame kaimati bila kula. Apewe kazi nyingine saa hiyo, au anywe kikombe chake pamoja na wanaofungua. Kuhusu uhalali, maziwa mengi ya aina hii hutegemea protini ya maziwa ya ng'ombe, lakini vidonge vya gelatini viulizwe kwa mfamasia, na aghalabu hupatikana mbadala.

Tumalizie na kikopo. Mzazi ataletewa kikopo kidogo cha kuchukulia choo cha mtoto, kwa ajili ya ile kalprotektini. Kwa aibu, vikopo vingi hukaa kabatini mpaka siku ya miadi inapita. Daktari asiye na kipimo hicho atalazimika kumpitishia mtoto kamera mapema zaidi, au kubadili dawa kwa kubahatisha. Katika hospitali kubwa pia huombwa idhini ya kutumia sehemu ya choo au kinofu katika utafiti. Mzazi ana haki ya kuuliza sampuli itawekwa wapi, nani ataiona, na kama jina la mtoto litafutwa, na ana haki ya kukataa bila tiba kupungua. Ila kabla ya kukataa ajue kwamba wengi wa watoto waliohesabiwa katika tafiti za namna hii wana asili ya Ulaya. Vijidudu vya matumbo ya watoto wetu, waliozaliwa Leicester na wanaolishwa nusu wali wa nazi na nusu chipsi za shuleni, bado havijaandikwa sana katika daftari la mtu yeyote.